Jagi la Baba Mkwe

Nikasikia mkojo ukigonga jagi.

Nilikuwa nimempa mgongo baba mkwe, macho dirishani, maana mkwe wa kike haangalii. Mume wangu alikuwa ametoka kutafuta gari la kumpeleka baba Dar es Salaam. Dawa za saratani ya mapafu zilikuwa zimemwumiza figo, na siku mbili hakukojoa hata tone. Daktari alisema tungoje mpaka saa sita mchana, basi; asipokojoa, apelekwe Dar kusafishwa damu kwa mashine.

Ilikuwa saa tano na nusu.

"Mkwe," akasema kwa sauti ya chini, "pokea."

Nikageuka, nikalipokea jagi kwa mikono miwili. Lilikuwa la moto! Mkojo mweusi kama chai ya rangi iliyokolea, lakini umefika mstari wa mia mbili. Umeupita!

Aibu yote ikanitoka. Nikaliinua jagi juu, nikapiga vigelegele, wodi nzima ikageuka. "Nesi! Baba amekojoa!" Nikakimbilia mlangoni.

"Dativa!"

Miaka kumi na moja ya ndoa, baba mkwe hajawahi kulitamka jina langu.

"Dativa, polepole, mwanangu. Usije ukaumwaga."