Koti la Curt

Lyle alimchuna yule ndama mfu upesi kabla hajakakamaa, akauacha mkia uninginie kwenye ngozi. Ng'ombe humtambua mwanawe kwa kumnusa mkiani. Nje theluji ya Machi ilikuwa ikiangukia malisho ya Montana, na humo bandani mama wa yule ndama alikuwa akilia tangu alfajiri, sauti imeshamkauka.

Karla alikuwa amemshika ndama mwingine, yatima, ambaye mama yake alikufa akizaa. Lyle akamvika ile ngozi mgongoni kama fulana na kuifunga kwa kamba chini ya tumbo.

"Atavaa uchafu huu mpaka lini?" Karla aliuliza.

"Mpaka akubaliwe. Hapo unamvua, isije ikamwozea mwilini. Kwani mama yako hakukufundisha? Mimi alinifundisha yeye."

Wakamsukuma ndama mbele. Ng'ombe alimnusa kichwani, akampiga kikumbo. Akamnusa tena, safari hii mkiani, akakawia hapo. Kisha kilio kikakoma. Alisimama tuli, na ndama akajipenyeza chini ya kiwele akaanza kunyonya.

Karla hakuwa akitazama. Alikuwa amelikazia macho koti la kaka yake, Curt, lililotundikwa ukutani tangu siku ile ya vuli trekta ilipopinduka naye.

"Lyle," alisema, "livae."

"Karla, acha mchezo."

"Wakala wa wanunuzi wa ranchi anakuja saa sita na makaratasi yake, na Mama keshasema atasaini. Wakishanunua watang'oa uzio wote, na wewe utakwenda wapi? Macho ya Mama yamekwisha, na harufu ya Curt bado imo humo. Kaa naye tu. Mwambie umerudi, mwambie asiuze."

Kila mtu bondeni alijua hali ya Bi Verna, mama yao Karla na Curt. Mazikoni alikaa kiti cha mbele, lakini aliporudi nyumbani akaendelea kumwandalia Curt sahani mezani, na kila asubuhi akauliza kama amekuja. "Ranchi bila mwanangu ya nini?" ndiyo yalikuwa maneno yake. Karla alikuwa nesi mjini, na tangu ukame uanze mshahara wake ndio uliokuwa ukinunua majani makavu ya ng'ombe, kwa hiyo kuacha kazi akae ranchi asingeweza. Majirani walikuwa wameshauza mmoja baada ya mwingine.

Lyle, yatima aliyekulia nyumba za watu, hii miezi miwili na ile mitatu, alifika hapa na begi moja na hakuwa na kwao kwingine. Alimwonea aibu, aibu ya kweli, mwanamke aliyempa chumba na kumfunza kazi. Hata hivyo alilivaa. Lilimbana mabegani.

Bi Verna alikuwa ameketi karibu na jiko, shali magotini.

"Mama," Lyle alisema kwa sauti nzito isiyo yake, "nimerudi."

Mkono wa mama ukanyooka hewani ukapapasa, ukalikuta koti, ukapanda kutoka kwenye kiwiko hadi kwenye kola. Akaivuta ile kola puani, akainusa na kukawia hapo. 

"Umechelewa," Bi Verna alisema. "Kaa. Karla, mpe kahawa. Mtilie sukari, vijiko viwili."

Karla na Lyle walitazamana. Curt hakuwahi kutia sukari kwenye kahawa, na Lyle alikuwa akichekwa naye kila siku kwa kupenda vitamu kama mtoto. Maskini, hata hilo limemtoka, Lyle aliwaza.

"Bandani kukoje?"

"Yule yatima amepata mama."

"Amemkubali?"

"Amemkubali."

"Ni ng'ombe mzuri yule. Kiwele kimejaa na mwana hayupo. Nyinyi hamyajui maumivu yake."

"Usiuze, Mama," Lyle alisema, na hapo sauti ikamponyoka, ikawa yake mwenyewe. Karla alifumba macho. Nje, gari likasimama mlangoni.

Wakala aliingia na buti mpya ambazo hazijawahi kukanyaga kinyesi, akaweka mkoba mezani kando ya ile sahani tupu. Kisha akamwona Lyle amejiinamia.

"Na huyu ni nani?"

"Mwanangu," alisema Bi Verna.

Wakala akacheka kidogo, akamgeukia Karla, halafu akaacha kucheka. "Bi Verna, niwie radhi, lakini mimi nilivyosikia Curt ali..."

Kijiko kilimponyoka Karla kikalia sakafuni. Lyle aliona yamekwisha. Alishaanza kuinuka akiri yote.

"Nimesema mwanangu," Bi Verna alirudia, na mkono wake ukamrudisha Lyle kitini. "Nina wa kumwachia. Siuzi. Hayo makaratasi nenda kawashie jiko kwenu."

Alisisitiza hivyo mpaka wakala akachoka kubembeleza. Mlango ulifungwa, gari likaunguruma na kupotelea njiani. Karla alijibanza kwenye sinki akilia kimyakimya.

Lyle alitaka kutoka, arudi bandani, mbali na uongo wake. Lakini Bi Verna alikuwa bado ameishika kola. Akamvuta karibu, vidole vikatafuta kifungo cha kwanza, vikakifungua taratibu.

"Sasa livue, Lyle," alisema. "Lisije likakuozea mwilini."