Salamu za Kibwana

Mto ulikuwa umeshafikia daraja, na onyo lilikuwa bado halijasomwa redioni. Programu ya kompyuta aliyoiacha marehemu Kibwana, mtangazaji wa zamani, ilikuwa imeung'ang'ania mtambo ikicheza salamu zake za asubuhi, kama ilivyofanya kwa miaka minne.

"Nikiizima, inajiwasha tena," alisema Hidaya, fundi wa mitambo. Vidole vikimwenda mbio, akaandika skripti fupi: kila sekunde iangalie kama programu ile inafanya kazi, na ikiikuta, iikatishe.

Bi Sikudhani, mjane wa Kibwana, alisimama nyuma yake na birika la chai ya studio.

"Kibwana hajakatizwa hata siku moja, mwanangu. Mji mzima hunywa chai naye."

"Najua, mama. Lakini maji hayasubiri."

Bi Sikudhani akaweka birika chini. "Basi nionyeshe pa kubonyeza."

Akabonyeza. Sauti ya mumewe ikakatika katikati ya kicheko. Hidaya akavuta maikrofoni, lakini kabla hajasema neno aliona dirishani milango ikifunguka mtaa mzima, na watu wakitoka na vikombe mkononi, wakigeukia mtoni.