Jiko Lililoitwa Somoe

Zamani kila chombo kilitambulishwa kwanza kwa nyumba, kikapewa jina, na ukikitaka sharti ukiite. Taa usipoiita haiwaki. Jiko lake Bi Mize alilipa jina la Somoe, marehemu mke mwenziwe, ambaye aligombana naye miaka thelathini na mbili chini ya paa moja.

"Somoe, amka, mvivu wee," alikuwa akiliambia kila asubuhi.

"Labeka, Bi Mize," jiko likaitika, likawaka.

"Alipokuwa hai hakuniitika hata siku moja," aliwaambia majirani, akicheka mpaka kanga inamvuka.

Ndipo ukaja mfumo mpya wa kuendesha nyumba. Fundi Shawali alikaa jikoni robo saa akifuta majina yote.

"Tumekurahisishia, Bibi. Hakuna tena kutambulisha wala kuita. Kitu kikiwepo tu, nyumba inakijua na inakitumia yenyewe."

"Na Somoe je, mjukuu wangu? Niachie huyo mmoja."

"Haiwezekani, Bibi. Ama vyote viwe na majina, ama visiwe nayo."

"Basi ningejua ningemuaga vizuri."

Kesho yake Bi Mize aliingia jikoni akakuta chai imeshachemka, tangawizi na sukari kama apendavyo.

"Somoe, nani kakutuma?"



Akaionja, akasema kwa sauti kwamba haina sukari, angalau wagombane. Akaimwaga yote kwenye sinki.

Jiko halikubisha. Kabla hajaweka kikombe chini, lilikuwa limeshachemsha nyingine, tamu zaidi.