Sukari ya Mgeni

Mgeni kutoka biro kubwa, yaani ofisi kuu, ya Kinshasa alifika nyumbani kwa Umurerwa, mfagiaji wao wa Goma, kuona kama mishahara ya huku ipandishwe ifikie ya kule. Wafagiaji wenzake wote walikuwa wakingoja.

Mgeni hapewi chai bila sukari. Umurerwa aliikopa kwa jirani asubuhi, akawakataza watoto kuigusa.

Mgeni alitia vijiko vitatu, akakoroga taratibu. Punje chache zilimwagika mezani. Watoto wakazikodolea macho.

"Mama, munakunywaka chai ya sukari kila siku?" mgeni akauliza.

Umurerwa aliwatazama watoto. Kusema hapana, na kikombe kiko mdomoni mwa mgeni, ni kumwambia amewanyang'anya watoto.

"Kila siku, papa," akamjibu mgeni kwa heshima.

Mgeni akaandika hilo kwenye ripoti ya mishahara, kisha akasogeza kikombe aongezewe.