Nondo ya Mama Hortensia

Fundi wa kuchomelea aliuliza mara mbili kama amesikia vizuri. Fimbo ya kutembelea, ya nondo, ndefu hadi kifuani, na kipande kingine cha chuma juu cha kushikia kwa mikono miwili.

"Na ncha uichonge," Mama Hortensia akasema. "Iwe kali."

Hata jua halijazama, mji wote wa San Jacinto ulikuwa umepata la kusema. Muuza tamale, ile mikate ya mahindi ya kufungwa majani, wa miaka hamsini na saba, magoti mabovu, hajawahi kukimbilia hata basi, eti amejiandikisha mbio za milimani, kilomita arobaini na mbili! Jamani.

"Mama, utafia huko juu," aliambiwa na mwalimu Baltazar, aliyefundisha michezo shuleni mpaka akastaafu, na ambaye alikubali kumnoa kwa malipo ya tamale za nguruwe kila Jumamosi.

"Nikifia juu si neno. Nisife kabla ya kufika."

Mwalimu alimchorea njia kwenye karatasi ya kufungia nyama. Kwenye kilomita ya ishirini na sita kulikuwa na lango. Mlima Pelón ulinunuliwa miaka minne nyuma na mtu asiyejulikana, ukazungushiwa waya na walinzi wenye bunduki. Magari yalipanda na kushuka, na wenye akili hawakuuliza. Kwa ajili ya mbio, lango lingefunguliwa siku moja tu, na saa saba mchana lingefungwa. Atakayechelewa atapakiwa kwenye gari arudishwe mjini.

"Hapo ndipo utakapokwama," mwalimu akasema. "Nimepiga hesabu kila namna. Hufiki."

"Na nikifika?"

"Ukifika kuna mteremko wa mawe, halafu mto, halafu..."

"Hayo utanieleza siku nyingine. Nieleze mpaka langoni."

Mwalimu alicheka. Alidhani ni unyenyekevu.

Miezi mitano alimpandisha vilima vya nyuma ya makaburi, kila asubuhi akishamaliza kuuza. Mguu wa kushoto ukavimba. Kucha mbili zikang'oka. Mwezi wa tatu alianguka, akapasuka paji la uso, akaketi pale pale vumbini akalia. Si maumivu yaliyomliza. Saa ya mwalimu ilisema amechelewa kwa saa nzima na dakika kumi.

"Sitaweza," alisema. "Mungu wangu, sitaweza."

Tangu mwanawe Ulises aondoke hakuna aliyekuwa amemwona akilia. Watu walisema kijana alikwenda kaskazini kutafuta kazi, akamsahau mama yake. Yapo hayo. Hortensia hakuwabishia.

"Basi tupa hiyo nondo!" mwalimu akafoka. "Wenzako wanabeba fimbo nyepesi kama bua, wewe unabeba chuma cha msingi. Unakwenda kukimbia au kujenga nyumba?"

"Nondo haibaki nyuma, mwalimu."

Kila walipopumzika aliichoma ardhini kwa uzito wake wote, akaichomoa, akainusa ncha. Mwalimu aliona. Wakimbiaji wana mambo yao. Aliwahi kumfundisha mmoja aliyekuwa akibusu viatu.

"Miguu peke yake haitoshi," alimwambia wiki ya mwisho. "Kuna mahali akili itakwambia kaa chini. Lazima uwe na kitu cha kushika kichwani."

"Ninacho. Sina kingine."

Siku ya mbio walianza watu mia tatu na ushee, saa kumi na mbili asubuhi. Kufikia kilomita ya kumi Hortensia alikuwa mkiani, pamoja na wanawake kumi na mmoja wa rika lake kutoka vijiji vya jirani, kila mmoja na fimbo yake, wakipanda bila kusemezana. Watu kando ya njia waliwatania: "Haya bibi zetu, supu inapoa!" Kilomita ya ishirini alitapika. Ya ishirini na nne goti liligoma, akalivuta kama mzigo wa mtu mwingine.

Saa saba kasoro dakika nne walilifikia lango. Mlinzi alikuwa ameshashika mnyororo. Alipekua mifuko yao mmoja mmoja: maji, unga wa mahindi ya kukaanga, kitambaa cha kufutia jasho.

"Fimbo gani hii nzito hivi?"

"Magoti, mwanangu."

"Haya pita, bibi. Ila ujue wa kwanza ameshafika, ameoga na amekula."

Mwalimu Baltazar alikuwa ndani ya lango akigawa maji. Alipomwona aliangusha ndoo. "Umefika! Mwanamke huyu, umefika!" Alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja. "Zimebaki kumi na sita tu, mama. Mbele ni mteremko. Twende, usisimame, twende!"

Hortensia hakwenda. Alifungua pini nne zilizoshika namba yake kifuani, akaiweka namba mkononi mwa mwalimu. Mahali ilipokuwa namba, kwenye fulana, palikuwa na picha ya Ulises, na chini yake maneno mawili: UMEMWONA MWANANGU?

Nyuma yake wale kumi na mmoja nao walikuwa wakifungua pini. Wakaiacha njia, wakajipanga mstari mmoja kwenye nyika ya miiba, hatua mbili mbili kati yao. Mlima ulikuwa mkubwa mno, na gari la kuwazoa waliochelewa lilikwisha kusikika bondeni.

Hortensia akaichoma nondo ardhini, akaichomoa, akainusa ncha. Hakuna harufu ya maiti, udongo tu. Akasogea hatua moja, akachoma tena.