Maziwa ya Mwisho

Jumuiya ilipomaliza mfungo wa siku tatu, jirani aliyekuwa akiombewa alimpa Agatha kibuyu cha maziwa ya mgando.

“Anza wewe, dada. Umenililia kwa Mungu kuliko hata ndugu zangu. Ndiyo maziwa ya mwisho ya yule ng'ombe wangu aliyekufa.”

Wote waliamini ng'ombe alirogwa. Agatha peke yake alijua kwamba ng'ombe huyo alikula mbegu ya mahindi iliyopakwa dawa nyekundu, ambayo yeye Agatha aliisahau pembeni mwa shamba. Siku tatu nzima aliomba amani, haikuja.

Alivitazama vidole vyake. Wekundu wa ile dawa ulikuwa bado umeganda kwenye kucha.

Akakirudisha kibuyu bila kuonja, na moyo ukatulia.

“Dada,” Agatha alisema, “kaa chini kwanza. Ng'ombe wako hakurogwa.”