Matanga ya Komba

Zamani wanyama walipokaa mtaa mmoja, Komba alifiwa na mkewe, akaanza kunywa pombe ya mnazi. Alipopepesuka akiimba, majirani walicheka hadi mbavu ziwaume. Binti yake, Chausiku, hakucheka. Alitamani jambo moja tu: baba amwite tena "mama", kama alivyomwita zamani.

Siku moja Komba akaacha pombe. Alijikunyata, akalia kutwa nzima.

"Huyu sasa karukwa na akili," alisema Kanga, mwenye domo.

"Afadhali alipokuwa analewa, tulielewana naye," Nguchiro akasema, akaleta kibuyu kilichojaa. "Mpe dawa yake, mwanangu."

"Dawa gani, mjomba?" Chausiku akauliza. "Mlipoanua matanga ya mama, kila mtu alikwenda kwake. Baba hajatoka matangani. Basi kaeni naye leo, bila kibuyu."

Nguchiro akakumbuka kwamba ana shughuli. Kanga naye akakumbuka mayai yake.

Chausiku akaimwaga ile pombe, akaketi ubavuni mwa baba yake, akalia naye mpaka vivuli vyao vikawa virefu. Ndipo Komba akainua macho.

"Mama," akasema, "umekula?"